Kichwa cha Maji ya Sukari

Kichwa hiki hakina macho wala ubongo. Kina shavu, taya, kidevu na masikio yaliyobanwa bapa, basi. Kimepasuliwa katikati kuanzia utosini hadi kidevuni, na kila nusu imelazwa ndani ya meza, shavu likitazama sakafu na upande uliopasuliwa ukiwa wazi kwa juu. Humo ndani mnamiminwa maji mazito, yapata lita 25 kwa meza nzima. Chini ya meza simu imebanwa shavuni. Juu ya meza mkono wa roboti unashusha kijiti chembamba ndani ya yale maji, unapima, unasogea kidogo, unapima tena. Hakuna anayezungumza kwenye simu hiyo, ila inatuma mawimbi kwa nguvu zake zote, kwa kuwa pembeni kuna mashine inayojifanya mnara na kuiamuru isipunguze hata kidogo.

Mafundi wa maabara hukiita kichwa hicho SAM. Simu zinazoombewa kibali cha kuuzwa Ulaya na Marekani hupita kwanza shavuni mwake, na namba inayopatikana hapo ndiyo inayosafiri na simu hadi kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue. Bonyeza *#07# na simu nyingi zitakuonyesha: SAR, kisha tarakimu mbili tatu, kisha W/kg, yaani wati kwa kila kilo ya mwili. Wengi huitazama mara moja wakaisahau. Wengine huifanya alama ya mtihani: hii ina 0.6, ile ina 1.2, basi hii ni salama mara mbili. Nadhani wote wanapitwa na kilicho kizuri zaidi, ambacho ni kazi iliyofanyika mpaka tarakimu zile zikapatikana.

Nimezoea kusoma ripoti za vipimo hivyo. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, huziweka wazi, na mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwa namba ya kibali iliyoandikwa kwenye simu. Ripoti moja inaweza kwenda kurasa mamia, na asiyeipenda kazi hii ataona majedwali matupu. Mimi huanza na picha. Ripoti nyingi zina picha ya rula iliyotumbukizwa ndani ya kichwa, kuthibitisha kwamba kina cha maji hakikupungua sentimita 15. Zina joto la chumba na joto la maji siku ya kazi. Zina namba ya kila chombo na tarehe kilipohakikiwa mara ya mwisho. Mafundi hawa hawakuombi uwaamini. Wanakuonyesha rula.

Kinachopimwa ni nini hasa? Mawimbi ya simu ni ndugu wa mawimbi ya redio na televisheni. Hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu kama eksirei inavyofanya. Athari yake ambayo haina ubishi ni joto: mwili hufyonza sehemu ya nishati, na nishati hiyo inageuka joto. Kwa hiyo waliopewa kazi ya kuweka mipaka walianza na swali la joto kiasi gani, sehemu gani ya mwili, kwa muda gani.

Mwaka 1953 Herman Schwan, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipendekeza mpaka kwa ajili ya watu waliofanya kazi karibu na rada: miliwati 10 kwa kila sentimita moja ya mraba. Namba hiyo ilihusu kinachokuja kupitia hewani, haikuhusu kinachobaki mwilini. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, watafiti wa Marekani waliwafunza panya na nyani kubonyeza kitufe ili wapate chakula, kisha wakawaweka kwenye mawimbi makali. Wanyama waliacha kazi pale mwili wao ulipokuwa ukifyonza takriban wati 4 kwa kilo, joto lao likiwa limepanda kama nyuzi 1. Hapo mstari ukachorwa, kisha ukasogezwa nyuma kwa makusudi: mara kumi kwa wafanyakazi, 0.4, na mara hamsini kwa umma, 0.08.

Hizo ni namba za mwili mzima. Simu haiupashi joto mwili mzima, hupasha kipande cha shavu na eneo la nyuma ya sikio. Kwa hiyo kukahitajika mpaka wa kipande. FCC mwaka 1996 ilitumia wati 1.6 kwa kilo, zikiwa zimekokotolewa kwa wastani wa gramu 1 ya mwili. ICNIRP, tume ya kimataifa yenye ofisi Ujerumani, mwaka 1998 iliweka wati 2 kwa wastani wa gramu 10, na miongozo yake mipya ya 2020 ikaibakiza namba hiyo na kueleza hesabu: wati 20 kwa kilo kichwani zingeweza kupandisha joto la sehemu hiyo kama nyuzi 2, basi umma upewe sehemu moja ya kumi. Tofauti ya gramu si jambo dogo. Gramu 1 ni mchemraba wa sentimita 1 kila upande. Gramu 10 ni mchemraba wa sentimita 2 na kitu. Mchemraba mdogo hunasa kilele cha ufyonzaji, mkubwa huchanganya kilele na mabonde yake. Ndiyo maana simu ileile hupata namba mbili tofauti pande mbili za Atlantiki, na ndiyo maana anayelinganisha SAR za simu mbili bila kuuliza ni za gramu ngapi anapoteza muda wake.

Kuhusu saratani, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyaweka mawimbi haya mwaka 2011 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Uchambuzi mpana wa tafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwa kuagizwa na Shirika la Afya Duniani haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Mjadala huo una wataalamu wake, na sitauingilia hapa. Fundi wa SAM haulizwi habari zake. Anaulizwa: ni wati ngapi, katika gramu zipi?

Njia inayokuja akilini kwanza ni kipimajoto. Fanya hesabu uone inavyokwama. Kilo moja ya mwili huhitaji kama jouli 3,500 ili ipande nyuzi moja. Ukiipa wati 2, na ukaifikiria haina damu ya kuipoza, dakika moja itaipandisha nyuzi 0.03 hivi. Dakika sita, ambazo ndizo muda wa wastani wa ICNIRP kwa kipande cha mwili, zitaipandisha 0.2. Sasa pima hilo katika nukta mamia, huku joto lenyewe likisambaa kutoka nukta moja hadi nyingine wakati unasubiri. Hutamaliza, na ukimaliza hutajua umepima nini.

Arthur Guy wa Chuo Kikuu cha Washington aliuzunguka ugumu huo mwaka 1971 kwa hila ninayoihusudu. Alitengeneza vielelezo vya viungo kwa vitu vyenye tabia za umeme kama za nyama na mfupa, akavipasua mapema katikati, akavibana pamoja, akavipiga kwa mawimbi makali sana kwa muda mfupi sana. Kisha alivifungua haraka na kuupiga picha uso wa ndani kwa kamera inayoona joto, kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Ramani ya ufyonzaji ikaonekana wazi. Lakini hila hiyo inadai nguvu kubwa, na simu haina nguvu kubwa. Ilibidi watu waache kulifuata joto na walifuate lile linalolizaa, yaani uga wa umeme ndani ya mwili. Ukiujua uga huo, ukajua jinsi maji ya mwili yanavyopitisha umeme na uzito wake kwa ujazo, unapata wati kwa kilo kwa hesabu ya mstari mmoja.

Hesabu ya mstari mmoja, lakini kuupata huo uga kulikula miaka zaidi ya ishirini. Howard Bassen na wenzake katika maabara za afya za serikali ya Marekani walitengeneza vihisi vidogo vya kutumbukizwa, katika miaka ya 1970. Quirino Balzano, mhandisi wa Motorola huko Florida, alivichukua vihisi vya aina hiyo akavipeleka kwenye redio za mkononi na baadaye kwenye simu. Mwaka 1996 Thomas Schmid, Oliver Egger na Niels Kuster wa Zurich walichapisha maelezo ya mfumo wao ambao roboti huendesha kihisi chenyewe ndani ya kichwa cha maji. Vizazi vya mfumo huo vimo katika maabara nyingi duniani leo.

Katika yote hayo, mimi naipenda zaidi habari ya maji. Kwa mawimbi ya megahezi 835, mapishi yaliyochapishwa na FCC yanataka sukari asilimia 56 kwa uzito, maji asilimia 41 na kitu, chumvi asilimia 1.45, unga wa selulosi wa kuzitisha asilimia 1, na dawa kidogo ya kuua vijidudu. Matokeo yake ni mazito kama shira ya visheti, na bila ile dawa yangeota ukungu upesi. Ukisoma mapishi hayo mara ya kwanza unaweza kucheka. Kisha unauliza kila kitu kinafanya nini, na kicheko kinakwisha.

Ubongo na nyama ni vitu vya maji, lakini si maji matupu. Maji matupu huitikia uga wa umeme kwa nguvu mno, karibu mara mbili ya kinachotakiwa. Sukari huyatuliza hadi namba ya mwitikio inashuka kutoka 78 hivi na kufika 41.5. Chumvi hufanya kazi tofauti: inaongeza upitishaji wa umeme, ambao ndio unaogeuza uga kuwa joto, mpaka ufike 0.90. Selulosi huifanya sukari isitulie chini. Mtengenezaji anacheza na mambo mawili yanayovutana, kwa sababu ukiongeza sukari unagusa upitishaji, na ukiongeza chumvi unagusa mwitikio. Hukaribia polepole, kijiko kwa kijiko, mpaka namba zote mbili ziingie ndani ya asilimia 5 ya zilizopangwa.

Na namba zilizopangwa hazitoki hewani. Mwaka 2000 Drossos, Santomaa na Kuster walipiga hesabu za mawimbi yakipita kwenye tabaka za ngozi, mafuta, mfupa na ubongo, kwa unene mbalimbali, kisha wakatafuta maji ya aina moja tu ambayo yasingetoa jibu dogo kuliko tabaka zile. Hicho ndicho kiini cha ufundi huu wote. SAM hakutengenezwa afanane na wewe au mimi. Ametengenezwa ili, asipokuwa na uhakika, akosee upande wa juu.

Maji hayo yana tabia ya kusumbua. Maji yenyewe hukauka, sukari haikauki, kwa hiyo yaliyokuwa sahihi Jumatatu yanaweza yasiwe sahihi Ijumaa. Kabla ya kipimo fundi hulazimika kuyapima yenyewe, kwa kugusisha ncha bapa ya kebo kwenye sampuli na kusoma jinsi mawimbi yanavyorudishwa. Kiputo kimoja cha hewa chini ya ncha hiyo kinatosha kuharibu usomaji wote. Joto lisitofautiane zaidi ya nyuzi 2 kati ya wakati maji yalipopimwa na wakati simu inapopimwa. Juu ya megahezi 1,500 au zaidi kidogo sukari haifai tena, kwa kuwa huko upitishaji unapanda kupita kiasi, na mafundi wakahamia kwenye kemikali za jamii ya glikoli. Maji mapya yanayofaa kwa masafa mengi kwa pamoja yametengenezwa kwa mafuta yaliyochanganywa na maji yasitengane. Nakubali ni bora. Ila sukari ilikuwa na uzuri wake: kitu cha dukani kikasimama badala ya ubongo, kwa tofauti isiyozidi asilimia 5.

Kijiti nacho kina hadithi yake. Ncha yake ina unene wa milimita 2.5 hadi 4, na ndani yake zimepangwa antena tatu ndogo, kila moja ikielekea upande wake ili uga usipate mahali pa kujificha. Kila antena ina dayodi inayogeuza mtikisiko wa haraka kuwa volti tulivu. Ugumu uko kwenye nyaya za kupeleka volti hizo juu. Waya wa shaba ungekuwa antena wenyewe, ungevuta uga na kuuvuruga. Kwa hiyo njia za kupitishia zimetengenezwa kwa kitu chenye ukinzani mkubwa mno, ambacho mawimbi hayakioni lakini volti tulivu hupita kwa shida. Ni chombo kinachojitahidi kutokuwepo mahali kilipo.

Hata hivyo kina kasoro moja isiyokwepeka. Antena zile zimekaa nyuma ya ncha kwa milimita kadhaa, kwa hiyo haziwezi kuligusa ganda la kichwa. Na mawimbi yanapungua kwa kasi yanapoingia ndani: kwa megahezi 900, kwa makadirio, kila sentimita 2 huacha theluthi moja tu ya nishati. Maana yake ni kwamba sehemu kali kuliko zote iko palepale kwenye ngozi, mahali pekee ambapo kihisi hakifiki. Fundi hupima kwa hatua ndogo kuanzia karibu awezavyo kwenda ndani, anapata mteremko, kisha anaurudisha mteremko huo nyuma kwa hesabu hadi usoni mwa ganda. Namba kubwa kuliko zote kwenye ripoti inategemea nukta ambayo haikuguswa. Mashaka yake yanapigiwa hesabu na kuandikwa, chanzo kwa chanzo, kwenye jedwali la mwisho ambalo wasomaji wengi hawalifikii.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kabla ya simu, mfumo hujipima kwa antena ya kawaida ambayo jibu lake linajulikana, na ukitoka nje ya asilimia 10 kazi haianzi. Simu huchajiwa ijae. Huwekwa kwenye kishikizo kisicho na chuma, ikapangwa kwa mstari unaotoka tundu la sikio hadi mdomoni, ikagusishwa shavu. Hilo ni pozi la kwanza. La pili, simu hupinduliwa nyuzi 15 kutoka shavuni, sehemu ya juu ikibaki sikioni. Shavu la kushoto, kisha la kulia. Kila masafa ambayo simu inayatumia hupewa zamu yake, na simu ya leo inatumia masafa mengi mno. Katika kila pozi roboti husoma kwanza nukta moja ya kumbukumbu, kisha hupita eneo lote kwa hatua pana, huona kilele kiko wapi, hurudi hapo na kupima mchemraba mdogo kwa hatua za milimita chache. Mwisho hurudi kwenye nukta ya kumbukumbu. Ikiwa usomaji umebadilika zaidi ya asilimia 5, simu ilikuwa imelegea njiani, na kipimo chote kinatupwa. Kipengele hicho cha mwisho kinanifurahisha kila ninapokisoma. Ni vyombo vichache vinavyolazimishwa kurudi pale vilipoanzia kabla havijaruhusiwa kusema.

SAM ana wakosoaji, na baadhi yao wana hoja. Vipimo vya kichwa chake vilitoka kwenye upimaji wa miili ya wanajeshi wa Marekani uliofanywa mwaka 1988. Alichaguliwa mkubwa, kiasi kwamba kati ya wanajeshi wanaume mia, tisini wana kichwa kidogo kuliko chake. Ganda lake lina unene wa milimita 2, lakini sikioni ni milimita 6, na sikio hilo halifyonzi chochote. Om Gandhi wa Chuo Kikuu cha Utah, mmoja wa wazee wa elimu hii, alisema kwa miaka mingi kwamba sikio hilo la plastiki linaiweka simu mbali mno na maji, na kwamba vichwa vya watoto, vilivyo vidogo na vyenye fuvu jembamba, vinafyonza zaidi ya anavyoonyesha SAM. Upande wa pili ulijibu kwa hesabu za kompyuta. Ulinganisho wa maabara kadhaa uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba, sikio likiachwa nje ya hesabu, SAM hutoa namba kubwa kuliko vichwa vilivyojengwa kwa picha za miili halisi. Tazama lakini ile "sikio likiachwa nje ya hesabu". Ugomvi wote umekaa hapo, na miongozo mingi hulihesabu sikio la binadamu pamoja na mikono na miguu, kwa mpaka wa wati 4 badala ya 2. Kwangu mimi Gandhi aliifanyia kazi hii hisani. Kichwa ambacho hakuna anayekibishia kingekuwa kimeacha kuchunguzwa.

SAM pia hana mkono. Kwa kawaida mkono hufyonza sehemu ya mawimbi na kupunguza yanayofika kichwani, kwa hiyo kutokuwepo kwake ni upande wa tahadhari. Wala hana mfuko wa suruali. Kipimo cha kiwiliwili hufanyika pembeni, juu ya sakafu bapa ya maji yaleyale, simu ikiwa mbali kidogo. Umbali huo ndio uliozaa mabishano makubwa zaidi ya miaka ya karibuni. Zamani kampuni ziliruhusiwa kupima kwa nafasi ya milimita 15, hata 25, wakati watu huiweka simu mfukoni imegusa paja. Ulaya iliikaza nafasi hiyo hadi milimita 5 mwaka 2016.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Wakala wake wa masafa, ANFR, hununua simu dukani kama mteja yeyote na kuzipima upya. Mwezi Septemba 2023 ulitangaza kwamba iPhone 12, simu iliyokuwa imeingia sokoni tangu 2020, ilitoa wati 5.74 kwa kilo ilipogusishwa moja kwa moja, kwa mpaka wa viungo ambao ni 4. Uuzaji ukasimamishwa nchini humo. Kwa nafasi ya milimita 5, simu hiyohiyo ilikuwa imefuzu. Apple ilisema tatizo lilitokana na namna Ufaransa inavyopima, ikatuma sasisho la programu, na simu ikarudi chini ya mpaka. Nyuma ya habari hiyo kulikuwa na jambo la kiufundi zuri: simu ya leo hujaribu kujua yenyewe kama iko mwilini au imelala mezani, na ikidhani iko mezani hujiruhusu nguvu zaidi. Mpimaji sasa hapimi antena pekee. Anapima pia uamuzi wa programu, na programu haipimwi kwa rula.

Jambo moja ripoti haiwezi kukuambia, nalo ndilo lenye manufaa kwa anayeishi mbali na mji. SAM hupima simu ikiwa kwenye nguvu ya juu kabisa. Katika matumizi ya kila siku simu hujipunguza kadiri mnara unavyoisikia vizuri. Simu ya 2G ya megahezi 900 inaweza kushuka kutoka wati 2 hadi miliwati 3 hivi, na ya 3G hurekebisha nguvu yake mara 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo anayepanda kichuguu kutafuta mtandao, akakibana kisimu chake sikioni kwenye kimstari kimoja, yuko karibu zaidi na hali ya maabara kuliko mwenzake wa mjini anayeishi chini ya mnara na kuulalamikia. Minara nayo hupimwa. Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki hufanya vipimo hivyo, na mpaka wa ICNIRP kwa umma katika megahezi 900 ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. Lakini antena iliyo karibu nawe kuliko zote ni ile iliyo mkononi mwako, na spika au waya wa masikioni huisogeza mbali kwa sentimita zilezile ambazo mafundi wa SAM wanazigombania.

Kazi inaendelea kubadilika. Baadhi ya simu za 5G hutumia pia masafa ya juu sana, ambako mawimbi huishia kwenye ngozi bila kufika ndani. Kichwa cha maji hakina la kusema hapo. Kwa mpaka wa kipande cha mwili, ICNIRP mwaka 2020 iliacha kutumia wati kwa kilo juu ya gigahezi 6 na kuhesabu nishati inayofyonzwa kwa eneo la ngozi: wati 20 kwa mita ya mraba, kwa wastani wa sentimita 4 za mraba. Kihisi kimetolewa majini na kupelekwa hewani, milimita chache juu ya simu, kikisoma uga ambao hubadilika kila unene wa ukucha. Na kwa kuwa simu moja inaweza kutuma kwa masafa ya chini na ya juu kwa wakati mmoja, fundi sasa ana meza mbili na majibu mawili ya vizio tofauti. Huchukua sehemu ya mpaka iliyoliwa na SAR, akaongeza sehemu ya mpaka iliyoliwa na masafa ya juu. Jumla ikizidi 1, simu inarudishwa kwa walioitengeneza.